Bili ya maji Uingereza: makato yametoka £42 hadi £69 kwa mwezi. Hizi namba wanazipangaje?

#1 Kibarua Ughaibuni
Wakuu, salaam. Mlioko Uingereza nisaidieni, kichwa kimegoma.

Nyumbani tupo wanne: mimi, mke na watoto wawili. Mita ipo. Maji tunalipa kwa DD, ile ruhusa unayoipa kampuni ijivutie hela yake benki kila mwezi. Tulikuwa tunakatwa £42. Wiki hii imeingia barua: kuanzia Novemba ni £69. Maelezo yenyewe ni sentensi moja tu, eti "tumeipitia upya akaunti yako".

Bili iliyokuja nayo ni ya miezi sita, Aprili hadi Septemba 2025. Uniti 84, jumla £346 pamoja na tozo ya kudumu. Mimi nimekatwa 42 mara sita, £252. Kwa hiyo nadaiwa £94, hilo sibishi. Ninachobisha ni deni la £94 kuniongezea £27 kila mwezi. 27 mara 12 ni £324! Nyingine inakwenda wapi?

Kampuni siitaji, mji siutaji. Msiniulize.

#2 Chura wa Mtoni
Nimeweka kiti. Yangu ilipanda mwezi uliopita nikanyamaza kama mjinga.

#3 Mama Zuwena
Kaka si uhame kampuni? Sisi umeme tulihama mwaka jana, makato yakashuka. Wakiona unaondoka wanajirekebisha wenyewe.

#4 Karani Mstaafu
Mama Zuwena, hiyo ni kwa umeme na gesi tu. Maji ya nyumbani hapa huchagui kampuni. Tangu walipoyabinafsisha mwaka 1989, kila eneo la England na Wales lina kampuni yake na ukikaa hapo ni mteja wake, upende usipende. England waliofunguliwa soko ni wafanyabiashara, tangu Aprili 2017. Mwenye nyumba au mpangaji akitaka kuhama kampuni, ahame mji.

#5 Chura wa Mtoni
Na kule atakapohamia nako wamepandisha 😂

#6 Hesabu Kwanza
Mtoa mada, kosa lako ni kuangalia deni peke yake. DD haifuati bili iliyopita, inatazama mwaka unaokuja. Wanachofanya kwa kawaida: wanachukua matumizi yako ya karibuni, wanayanyoosha yawe ya mwaka mzima, wanazidisha kwa bei iliyopo, wanajumlisha deni (au wanatoa salio kama umelipa zaidi), halafu wanagawa kwa miezi.

Kwako: £346 kwa miezi sita, mwaka ni £692. Ongeza deni £94, jumla £786. Gawa kwa 12 unapata £65.50.

Ile £42 ya zamani ilikuwa inakusanya £504 kwa mwaka. Hata ungekuwa hudaiwi senti, ulikuwa unalipa pungufu ya £188 kila mwaka. Ndiyo maana deni limezaliwa, na lingeendelea kuzaa.

#7 Kibarua Ughaibuni
Hesabu Kwanza nimekuelewa, shukrani. Lakini umeishia 65.50, wao wameandika 69. Hiyo £3.50 ni ya chai?

#8 Msomi wa Bandarini
Hawagawi deni kwa 12. Kampuni nyingi zinataka deni liishe kabla mwaka wa bili haujaisha au ndani ya muda wao wenyewe. Chukua matumizi peke yake: 692 kwa 12 ni £57.67. Sasa lile £94 ligawe kwa miezi 8, ni £11.75. Jumla £69.42. Wamekata senti, ukapewa 69. Jibu hilo hapo.

#9 Hesabu Kwanza
Miezi 8 umeitoa wapi mkuu? Mwaka wa bili unaanza tarehe 1 Aprili na kuisha 31 Machi. Kutoka Novemba hadi Machi ni miezi 5. 94 kwa 5 ni 18.80, ukijumlisha na 57.67 unapata £76.47. Haikai. Umeanza na jibu halafu ukaitafutia njia.

#10 Msomi wa Bandarini
Na wewe umeanza na njia ukakosa jibu.

#11 Karani Mstaafu
Kabla hamjashikana mashati, mmesahau Aprili. Desemba 2024 mdhibiti, Ofwat, aliruhusu bili zipande kwa wastani wa 36% ndani ya miaka mitano hadi 2030, na hapo mfumuko wa bei haujahesabiwa. Kampuni nyingi zikachukua kipande kikubwa mwaka wa kwanza. Wastani wa England na Wales ulitoka kama £480 hadi £603 kwa mwaka, yaani 26%. Na huo ni wastani tu, kuna kampuni ilikwenda 47%.

DD ya £42 ilipangwa kwa bei ya zamani. Miezi sita yote wewe unatumia maji ya bei mpya na kulipa kwa makadirio ya bei ya zamani. Deni lako lilianza siku hiyo.

#12 Hesabu Kwanza
Naunga mkono, ila haitoshi. 42 ukiiongeza 26% inafika karibu £53. Kutoka 53 hadi 69 bado kuna £16.

#13 Fundi Mabomba
Nyie wote mnapiga hesabu za karatasi. Huyo anavuja. Mimi kazi yangu ni hii, mabomba ya watu. Tatizo namba moja la nyumba za hapa ni choo. Ile flashi ya vitufe viwili ina kivalvu chini, kikichakaa maji yanateleza ndani ya bakuli kimya kimya, husikii kitu. Choo kimoja kinaweza kumwaga lita mia kadhaa kwa siku. Fanya hivi: usiku kausha ukuta wa ndani wa bakuli nyuma, bandika kipande cha karatasi ya chooni, msitumie mpaka asubuhi. Ukikuta imelowa, umeshampata mwizi.

Cha pili, funga koki kuu ya ndani halafu katazame mita. Ikizunguka wakati koki imefungwa, bomba la chini linavuja, kati ya mita na nyumba. Hapo piga simu kampuni. Kampuni nyingi zina msamaha wa maji yaliyovuja chini ya ardhi, ila mara nyingi ni mara moja tu na lazima uwe umeziba.

#14 Hesabu Kwanza
Fundi, uniti moja ni lita 1,000. Uniti 84 ni lita 84,000. Watu wanne, siku 183: kila mtu karibu lita 115 kwa siku. Wastani wa nchi ni kama lita 140. Huyu anatumia chini ya wastani. Uvujaji uko wapi?

#15 Fundi Mabomba
Wastani wa watu wanaojaza beseni la kuogea. Huyu Mtanzania anaoga dakika tatu. Uliza kwanza anaishije.

#16 Kibarua Ughaibuni
Fundi 😂😂 dakika tatu ni mimi. Mke wangu simsemei. Halafu mama mkwe alikuja Juni akaondoka mwisho wa Agosti. Yule hawezi kuona bomba la moto akaliacha lipumzike. Vyombo anaosha chini ya maji yanayotiririka, na nguo nyeupe anafua kwa mkono ndani ya beseni la kuogea.

#17 Binti Pangani
Kumbe tatizo si kampuni, ni mkwe! Funga uzi.

#18 Chura wa Mtoni
Akisoma hapa ndoa imeisha. Futa bandiko.

#19 Karani Mstaafu
Mnacheka lakini jambo la mkwe lina uzito. Wamechukua miezi sita ambayo mitatu ilikuwa na watu watano, tena ya kiangazi, wakaizidisha kwa mbili. Mwaka wenu hautakuwa hivyo. Wapigie, waambie mlikuwa na mgeni na ameondoka, uliza makadirio yao ya mwaka ni uniti ngapi. Hiyo namba wanayo kwenye skrini. Ukiipata, ubishi wa #6 na #8 unakwisha.

#20 Mzee wa Boza
Naomba kuuliza kutoka Dar. Hivi mnalipa maji kabla hamjayatumia? Hapa ujumbe unaingia kwenye simu: mita imesoma kiasi hiki, unadaiwa hiki, namba ya malipo hii. Ukilipa umelipa, usipolipa jamaa wanakuja na spana. Makadirio ya mwaka ya nini?

#21 Binti Pangani
Na ukilipa hayatoki 🤣

#22 Mzee wa Boza
Hiyo ni mada nyingine dada, usinitoneshe.

#23 Karani Mstaafu
Mzee wa Boza, hapa mita ya kawaida inasomwa kama mara mbili kwa mwaka. Bila DD ungepata bili mbili kubwa. DD inasawazisha, kama mchezo wa upatu unaocheza na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayeshika daftari. Halafu habari ya spana: nyumba ya kuishi hapa haikatwi maji kwa sababu ya deni. Sheria ya 1999 ilipiga marufuku.

#24 Mzee wa Boza
Hawakati?! Halafu mnalalamika? Nitumieni mwaliko wa viza.

#25 Kessy wa Kaskazini
Hawakati, ila wanakupeleka mahakamani. Hukumu ya deni inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Utatafuta nyumba ya kupanga mpaka uchoke. Nina rafiki alijifanya mjanja kwenye hili, sasa kila akiomba hata simu ya mkataba anakataliwa.

#26 Dada wa Glasgow
Huku Scotland wala hatuyajui hayo. Wengi wetu maji yapo ndani ya bili ya kodi ya halmashauri, yanafuata daraja la nyumba, mita hakuna. Ukiishi peke yako unapunguziwa 25%.

#27 Chura wa Mtoni
Hata England ukiishi peke yako unapunguziwa 25%. Mimi ninayo.

#28 Karani Mstaafu
Hiyo uliyonayo ni ya kodi ya halmashauri, Chura. England maji hayamo humo. Maji ni kampuni tofauti, bili tofauti, na hawana habari kama una mke au paka. Aliye peke yake bila mita ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu bili yake inafuata thamani ya nyumba iliyokadiriwa miaka ya 1970. Hata ukitumia ndoo moja kwa siku bei ni ileile. Huyo aombe mita, England na Wales kufungiwa ni bure. Ikishindikana kufunga, wanakupa tozo ya makisio, na kwa kampuni nyingi hiyo inazingatia kama unaishi peke yako.

#29 Dada wa Glasgow
Na Ireland ya Kaskazini nyumba hazitozwi kabisa. Shemeji yangu yuko Belfast, bili ya maji hajawahi kuiona.

#30 Mzee wa Boza
Sasa nimebadilisha, mwaliko utoke Belfast.

#31 Babu Rwegoshora
Mimi niko bila mita, nyumba ya zamani, na nimeridhika. Bili inakuja kabla ya Aprili, mwaka mzima bei moja, wanaigawa kwa miezi kumi. Februari na Machi sikatwi. Hiyo mita watoto wangu walinishauri nikakataa. Nina wajukuu wanne wanaokuja kila Jumamosi na bustani ya mchicha.

#32 Msomi wa Bandarini
Babu ametoa ushahidi muhimu: miezi kumi. Kwa hiyo kugawa kwa 12 si amri ya Mungu. Hesabu Kwanza, upo?

#33 Hesabu Kwanza
Nipo. 786 kwa 10 ni 78.60. Bado si 69.

#34 Njiwa wa Posta
Nimesoma uzi wote, samahani nimechelewa. Nimefanya kazi kwenye kituo cha kupokea simu za wateja, si maji lakini mfumo wa DD ni uleule. Angalieni tarehe. Mtoa mada anasema amekatwa mara sita. Sawa, benki inaonyesha sita. Lakini bili inachapwa siku moja na makato ya mwezi yanaingia siku nyingine. Kama bili ilifungwa kabla ya makato ya Septemba kusajiliwa, kwao umelipa mara tano. 42 mara 5 ni £210. Deni linakuwa 346 toa 210, £136. Sasa 692 + 136 = £828. Gawa kwa 12.

#35 Hesabu Kwanza
£69.00 kamili. Duh.

#36 Binti Pangani
Njiwa apewe maji ya kunywa.

#37 Msomi wa Bandarini
Kulingana kwa namba si ushahidi. Hata yangu ilifika 69.42 mkaniita mganga. Mtoa mada aangalie ukurasa wa kwanza wa bili, mstari wa salio. Umeandikwa 94 au 136? Uzi mzima ungeisha kwa mstari mmoja.

#38 Kibarua Ughaibuni
Hapo mmenikamata. Ile 94 niliipiga mwenyewe, si ya kwenye bili. Bili anayo mke, na yeye yuko zamu ya usiku. Nitaleta mrejesho.

#39 Karani Mstaafu
Ukishaishika, tazama na usomaji wa mita. Pembeni ya namba kuna herufi au neno la kuonyesha kama wameisoma kweli au wamekadiria. Kama wamekadiria, basi hizi hesabu zote za humu ndani zimejengwa juu ya kisio.

#40 Mama Zuwena
Na kama wamekosea hawaruhusiwi kukudai zaidi ya miezi 12 nyuma. Hiyo ipo, nina uhakika.

#41 Karani Mstaafu
Mama Zuwena jamani! Hiyo nayo ni ya umeme na gesi, kanuni ya Ofgem. Maji mdhibiti wake ni Ofwat, ambayo serikali yenyewe ilitangaza Julai 2025 kwamba itaifuta na kuunda chombo kingine.

#42 Mama Zuwena
Basi mimi nitabaki kwenye umeme, huko ndiko ninakokujua.

#43 Kessy wa Kaskazini
Ushauri wangu mwingine. DD ina dhamana ya benki. Wakibadili kiasi ni lazima wakujulishe mapema, kwa kawaida siku 10 za kazi. Wakikata kimakosa benki inakurudishia mara moja, halafu wao ndio wapambane na kampuni. Na unaweza kuifuta muda wowote. Mimi ningeifuta leo, nilipe mwenyewe kwa kadi.

#44 Njiwa wa Posta
Kessy, pole pole. Dhamana ni kwa makato yenye kosa. Barua ameshaipata, £69 imetangazwa, hapo hakuna kosa la makato. Akirudisha hela benki, deni la maji linabaki palepale. Na akifuta DD bila kupanga njia nyingine, mfumo unamhesabu kama aliyekiuka mpango wa malipo na bili nzima inaweza kudaiwa kwa pamoja. Bora apige simu aombe washushe kiasi, au aombe kulipa bili nzima kila inapotoka. Wakigoma, kuna baraza la watumiaji wa maji, CCW, malalamiko ni bure, ila ni lazima uanze na kampuni kwanza.

#45 Binti Pangani
Kuna nafuu nyingine watu hawaombi. WaterSure: una mita, unapokea msaada fulani wa serikali, na una watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 19 unaowapokelea posho, au kuna mgonjwa anayehitaji maji mengi. Bili inawekewa kikomo. Halafu kila kampuni ina bei ya kipato cha chini, masharti yao yanatofautiana. Na kama maji ya mvua ya paa lako yanazama kwenye shimo bustanini badala ya kwenda kwenye mfereji wao, omba wakuondolee tozo ya maji ya mvua. Jirani yangu alikuwa anailipa tangu anunue nyumba.

#46 Fundi Mabomba
Umenikumbusha maji taka. Hayo nayo hayapimwi! Mita ni ya maji yanayoingia. Wanachukulia kwamba karibu yote, 90% au 95%, yanarudi kwenye bomba la maji taka. Na sehemu nyingine maji safi ni kampuni hii na maji taka ni ile. Luton, kwa mfano, maji ni Affinity na taka ni Thames. Mtu anaweka DD moja akidhani amemaliza, kumbe kuna ya pili.

#47 Chura wa Mtoni
Ya pili?? Ngoja nikaangalie barua za mtu anayeitwa "Mkaazi" ambazo huwa natupa.

#48 Kessy wa Kaskazini
Chura 🤦 Mkaazi ni wewe.

#49 Kibarua Ughaibuni
Mrejesho, wakuu. Mke amerudi. Usomaji wa mwisho kwenye bili ni 1,412 na pembeni wameandika makadirio. Nimetoka na tochi kwenye kibokisi cha mita hapo njiani, namba nyeusi zinasema 1,396. Yaani leo, wiki mbili na zaidi baada ya bili, mita iko nyuma ya bili kwa uniti 16!

#50 Karani Mstaafu
Si nilisema. Tuma usomaji leo leo, mtandaoni au kwa simu, piga na picha. Uniti 84 zinakuwa 68 au chini ya hapo, na DD ipigwe upya.

#51 Hesabu Kwanza
Uniti 68 kwa watu wanne kwa miezi sita ni lita 93 kwa mtu kwa siku, tena na mkwe ndani. Hiyo ni ndogo mno. Sasa ndiyo naanza kuwa na wasiwasi upande wa pili. Usomaji wa mwanzo, ule wa Aprili, ulikuwa wa kweli au nao ni kisio?

#52 Fundi Mabomba
Mimi nauliza swali la fundi. Hicho kibokisi kina mita ngapi? Kwenye maghorofa madogo utakuta nne zimepangwa pamoja. Umehakikisha namba ya mita inalingana na ya kwenye bili? Nimewahi kukuta familia mbili zimelipiana maji miaka mitatu, mmoja mseja, mwingine ana pacha wachanga.

#53 Kibarua Ughaibuni
Zipo tatu. Nimesoma ya katikati. Namba yake imejaa tope na giza limeshaingia. Na salio la kwenye bili ndilo hilo, si 94 wala 136. Limeandikwa £118.40.

#54 Msomi wa Bandarini
118.40?!

#55 Hesabu Kwanza
Jumla 810.40, gawa kwa 12 ni 67.53. Sikubali. Weka picha ya bili, ziba jina na anwani.

#56 Njiwa wa Posta
Toa £94 kwenye 118.40, inabaki £24.40. Kuna deni la nyuma la bili ya Machi hapo, au wamerudisha nusu ya kitu. Ukurasa wa pili, mstari wa "salio lililopita". Tazama.

#57 Kibarua Ughaibuni
Ukurasa wa pili mtoto amechorea tembo. Kesho nawapigia nikiwa nje, kwenye mita, na kitambaa cha kufutia tope.

#58 Mgeni Mpya
Habari za humu. Mimi nimepanga chumba, mwenye nyumba anasema maji yamo ndani ya kodi lakini mwezi huu anataka £15 zaidi "kwa sababu ya DD". Ni halali?

#59 Binti Pangani
Karibu jukwaani. Mkataba wako wa chumba umeandikwaje? Ukiwa umeandika bili zimo, asikuongezee katikati ya mkataba. Fungua uzi wako, huu umejaa.

#60 Chura wa Mtoni
Wakuu, nimefungua zile barua za Mkaazi. Ziko saba. Nianze na ipi?